Mpelelezi Anunua Amplifaya

Mume wangu hamwamini mtu. Akinunua balbu, lazima iwashwe mbele ya macho yake, kisha aitoe mwenyewe kwenye soketi, asije akabadilishiwa wakati wa kufungiwa. Wenzake kwenye bendi wamempa jina la Mpelelezi, na analipenda. Mimi nami si malaika. Ni fundi cherehani, niliwahi kuuziwa kitambaa cha mita tano kikatoka mita nne na robo, na tangu siku ile siendi dukani bila futi yangu kwenye pochi. Kwa hiyo msidhani nilikuwa namcheka. Kwenye jambo hilo tulikuwa tunapatana kuliko mambo mengine yote ya ndoa yetu.

Bendi yao hupiga kila Jumapili mchana kwenye ukumbi wa hoteli moja, wageni wakila. Yeye ndiye gitaa la solo, mwaka wa ishirini na sita sasa. Jumapili moja akarudi amenuna, akalitupa begi la gitaa kitandani, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya. Kiongozi wa bendi alikuwa amemwita pembeni. Wageni wanalalamika, alimwambia, gitaa lako linachoma masikio. Wiki mbili: uje na amplifaya nyingine yenye sauti ya kistaarabu, au sehemu zako zipigwe kwenye kinanda.

"Linachoma!" mume wangu aliniambia. "Amplifaya imekufa sauti, trebo, kitufe cha sauti za juu, nimekizungusha mpaka mwisho na bado inatoka kama imefunikwa blanketi. Halafu wanasema inachoma. Hapo pana mkono wa mtu."

Mtu mwenyewe tulimjua mara moja: mpiga kinanda. Hajatimiza mwaka kwenye bendi na tayari anataniana na kiongozi kama wamesoma darasa moja. Tulimjadili jioni nzima, tukamvua nguo zote. Na kusema kweli, mimi nilipokwenda ukumbini nilikuwa nakaa meza ya mwisho kabisa, kwa sababu zile noti nyembamba zilikuwa zinanipa ganzi ya meno. Lakini nilijiambia muziki ni wake, mimi ni wa mkasi. Nikanyamaza.

Akaamua kutafuta amplifaya ya valvu. Valvu ni zile taa ndogo za kioo zilizokuwa kwenye redio za zamani. Wapiga gitaa wanaapa kwamba zinatoa sauti nene, yenye joto, ambayo mashine za kisasa haziwezi. Tabu yake ni bei. Sisi tulitaka moja isiyotuua, yenye nguvu ya kusikika juu ya ngoma, na ambayo mtu mmoja wa miaka hamsini na nne anaweza kuipandisha ngazi za hoteli bila kuteguka kiuno. Siku ya kutafuta akanichukua mimi. Yeye asikilize, mimi nimtazame muuzaji.

Duka la kwanza lilikuwa la kisasa, vioo mbele na feni darini. Amplifaya ilikuwa mpya, nyuma yake kuna kidirisha, ndani valvu mbili zinawaka nyekundu, na bei nusu ya nilivyotegemea. Bei ile ilinitia mashaka kabla hata sijavuka mlango. Nilijua kitu kimoja tu kuhusu valvu, kwamba huwa zinapata moto, basi nikasubiri dakika kumi, nikasogeza kiganja kidirishani. Baridi. Zile zilikuwa taa za kupendezesha tu, kazi yote inafanywa na vitu vingine huko ndani. Nikamkata muuzaji jicho mpaka akaanza kupanga upya nyaya zilizokuwa zimepangwa. Tulitoka pale vichwa juu, na mume wangu alinishika mkono barabarani, jambo ambalo si kawaida yake.

Ya pili ilikuwa sebuleni kwa mwalimu mstaafu wa muziki. Hiyo ilikuwa ya kweli, lakini nzito hatari, tuliinyanyua wawili ikatushinda. Mume wangu akaijaribu hivyo hivyo, akatikisa kichwa. Blanketi lile lile. Mwalimu alishangaa, akasema yeye anaona imekaa vizuri, hata imezidi ukali kidogo. Tulipofika nje mume wangu akasema yule mzee ameshauza nyingi mbovu, mdomo wake umezoea. Nikasema eeh.

Ya tatu tuliipata kwa fundi redio, chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, ukutani zimening'inia spika zisizo na maboksi. Fundi mwenyewe mpole, koti la kazi limetobolewa na pasi ya kuchomelea. Amplifaya aliiunda upya kwa mkono wake: wati kumi na tano, haizidi uzito wa ndoo ya maji, na bei tuliyoiweza. Wati kumi na tano tu? Mume wangu alicheka. Fundi akamweleza taratibu kwamba wati za valvu zina kelele kuliko zinavyoandikwa, na ukumbi ukiwa mkubwa unasimamisha maikrofoni mbele ya spika, basi. Mume wangu akanigeukia, na jicho lake likasema: huyu ameshajua kutuchezea.

Akapiga. Mimi nilisikia sauti tamu, yenye mwili, mpaka alipozungusha trebo, hapo nikashika shavu. Yeye akaacha kupiga, akauliza valvu hizi fundi amezitoa wapi, kwa sababu hizi ni kuukuu zilizofutwa vumbi.

Fundi hakukasirika. Alifungua nyuma, akatuonya tusiingize mkono, akachukua penseli ya mbao. Valvu nzuri, alisema, ukiigonga ikiwa imewashwa, kwenye spika inatoka tup, basi. Mbovu inalia kama kengele. Akagonga ya kwanza: tup. Akagonga ya pili, na spika ikatoa mlio mwembamba, mrefu, wa kukera. Akasema hii ni mbovu, samahani, sikuiona, nitawawekea nyingine bure.

Mimi nikafurahi. Fundi anayetaja kosa lake mwenyewe! Lakini mume wangu alikuwa amenyanyuka kitini.

"Mbovu kwa lipi? Zote zimetoa tup. Unataka uchukue nzuri utuwekee takataka."

Fundi alinitazama. Nilimtazama fundi. Pale pale nilielewa, na nilitamani nisielewe.

"Ya pili imelia," nilisema.

Mume wangu akanigeukia polepole. Miaka yote ile nimeliona jicho lake hilo likiwaangukia wauza balbu, wapangaji, kaka zake, hata daktari wa meno. Halikuwahi kuniangukia mimi.

"Na wewe," akasema, "amekuahidi nini?"

Liliniuma, sitaficha. Ningeweza kubeba pochi yangu nikaondoka, na miguu ilishaanza. Lakini nilimwambia: basi fanya upelelezi wako. Fundi nje. Mimi uso ukutani. Penseli shika wewe.

Fundi akatoka, akasimama mlangoni na mgongo wake kwetu. Nikageukia ukuta, mbele ya kalenda ya kampuni ya rangi. Nikasikia tup. Nikasema ya kwanza. Nikasikia mlio. Ya pili. Mlio tena. Ya pili. Tup. Ya kwanza. Halafu kimya kirefu, nikasema hujagonga. Mlio. Mlio. Mlio, haraka haraka, kwa hasira. Nikasema ya pili, ya pili, ya pili.

Nilipogeuka, alikuwa amepiga magoti sakafuni, sikio limebanwa kwenye kitambaa cha spika, mkono umezunguka nyuma unagonga. Spika ilikuwa inalia mpaka kichwa changu kinauma. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Nikamwambia gitaa lake linanichoma mwaka wa pili sasa, na mimi nilinyamaza nikidhani ndivyo muziki ulivyo. Nilisema samahani. Aliizima amplifaya, akakaa pale chini akiitazama penseli, na fundi alikuwa na busara ya kutogeuka.

Ijumaa tulikwenda kwa daktari wa masikio. Sauti za juu zimekwenda, alisema, na hazirudi, zilizobaki tuzitunze. Mume wangu hakumwuliza daktari swali hata moja. Nilimsubiri abishe, hakubisha, na hilo ndilo lililonitoa machozi tulipokuwa tunashuka ngazi za kliniki.

Jumapili alipandisha amplifaya ya fundi ukumbini mwenyewe, mkono mmoja, ikiwa na valvu mpya. Akaniwekea kiti jirani na jukwaa, akaniambia nizungushe mimi. Sijawahi kugusa kitufe cha vyombo vyake maisha yangu yote. Nikazungusha trebo chini, chini zaidi, mpaka zile noti nyembamba zikakaa vizuri mwilini. Alipiga moja, ya juu kabisa, vidole vyake vikijua mahali ilipo, macho yake usoni kwangu.

"Ipo?"

"Ipo."

"Haichomi?"

"Haichomi."

Kiongozi wa bendi alikuwa anatusikiliza, mpiga kinanda vile vile. Mume wangu alinitazama muda mrefu, na nilijua anatafuta uongo, kwa sababu ndivyo alivyo. Kisha akawageukia wenzake, akahesabu nne, wakaanza.