Sahani Aliyoisukuma Habuba

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikiinjika sufuria, mwanangu. Zilikuwa siku za ghasia baada ya uchaguzi, Kibera ikifuka moshi. Mama mmoja Mnubi wa huko, tuliyemwita Habuba, jina ambalo Wanubi humwitia nyanya, alikimbilia kwangu Kawangware na mfuko mmoja. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo wa Kitui, lakini tulikuwa tumeuza soko moja miaka mingi. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mgeni aliye hai.

Sikuwa msichana tena, ila ujuaji wa ujana ulikuwa haujanitoka. Maduka yamefungwa, nikatoa akiba yangu: mafuta ya kuganda niliyokwisha kukaangia mandazi, tena na tena, hadi yakawa rangi ya kahawa. Nikampikia sukuma wiki ikaogelea humo. Kwetu mafuta mengi ndiyo heshima ya mgeni.

Habuba akaonja, akaisukuma sahani.

Siku zile jirani aliogopa hata chai ya jirani. Baba watoto akaninong'oneza, "Anatuogopa." Nikaona heri niulize. "Mama, ni dini ama ni kabila?"

Akacheka akashika mbavu. "Sukuma ina kabila? Wewe nawe! Ningekuogopa ningelala kwako? Ni haya mafuta, yamechoka kuliko mimi. Na mume wako anainuka kwa kushika ukuta, magoti yamevimba, bado unamlisha haya?"

"Mwambie, mama," mume wangu akadakia. "Mimi nikisema, naambiwa nina madharau."

Habuba akafungua ule mfuko. Katika nyumba nzima alikuwa ameokoa msahafu, mkeka wa kuswalia na chupa ya mafuta ya simsim, yaani ufuta. Akatia kijiko kimoja tu, akapika upya kwa moto mdogo. Tukaomba, kila mtu kwa njia yake, tukala sahani moja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisemi simsim ilimponya mume wangu; kliniki aliendelea kwenda. Lakini mafuta ya kuganda, na yaliyoungua mara nyingi, huweza kuchochea uvimbe mwilini. Basi mwanangu, chagua ya maji, alizeti au simsim, na utie kidogo. Yakifuka moshi, punguza moto. Yakibadilika rangi, usiyaonee huruma. Na sahani ikirudi, uliza kabla ya kuhukumu. Kuuliza si ujinga.

Mungu aliyemfikisha Habuba mlangoni pangu akupe nawe wa kukuambia ukweli mezani, na magoti yako yakubebe hadi uwabariki wajukuu. Amina.