Mama Samaki na Mayai Yasiyosoma Saa

Jina lake halisi lilibaki kwenye karatasi za ajira. Maabarani kila mtu alimwita Mama Samaki. Kwa miaka kumi na moja alilea matangi mia mbili ya samaki wadogo wenye milia. Asubuhi taa zikiwaka walitaga, naye akakusanya mayai kwa chujio la chai. Shule hakwenda mbali, lakini macho anayo.

Jumatatu moja mkuu wa maabara alimwita. Mayai ya mtafiti mmoja wa pale yalikuwa yamepasuka kwa mara ya tatu.

"Samahani, Mama. Nadhani samaki ni wagonjwa. Ijumaa tutawaua wote, tuanze upya."

Mama Samaki alitoka. Roho ilimuuma, na juu ya uchungu ikaja hasira. Akaenda moja kwa moja kwa mtafiti, msichana wa umri wa binti yake wa mwisho.

"Mwanangu, hebu nieleze unawafanyia nini wanangu."

Msichana alieleza bila kiburi. Mwanzoni chembe za yai zinafanana. Kisha upande wa tumbo hutoka ujumbe: kuweni ngozi. Upande wa mgongo ujumbe huo huzuiwa, na chembe zisizoupata huwa ubongo na neva. Mayai yakifikisha umri wa saa sita, ngozi nyingi ikiwa imeshaamuliwa, yeye huweka dawa ya kuuzima ujumbe, aone chembe zilizobaki zitakuwa nini.

"Lakini yangu yanageuka neva karibu tupu, halafu yanapasuka."

"Hizo saa sita unazijuaje?"

"Nahesabu, Mama. Saa iko ukutani pale."

Mama Samaki alikuwa ameshajikunyata kwa baridi. Visahani vya mayai vilipangwa mezani, kiyoyozi kikivipulizia.

"Yanakaa hapa muda gani?"

"Kama saa tatu, nikichambua mabovu. Halafu nayaweka kwenye kabati la joto."

Akatoa kioo chake cha kukuzia, akainamia kisahani kilichotolewa kabatini kusubiri dawa. "Haya ya leo umeyahesabia saa sita? Chembe zingekuwa zimeshafunika nusu ya kiini cha yai. Hizi ndiyo kwanza zinateremka. Umeme ukikatika chumba changu kikapoa, yangu nayo huchelewa hivi hivi. Yai halisomi saa ya ukutani, mwanangu. Unaliziba masikio kabla halijaambiwa kitu."

Msichana aliinama naye, akatazama kwa muda mrefu. Aliponyanyuka uso ulikuwa umemshuka kwa aibu.

"Mbona hukuniambia siku zote hizi, Mama?"

"Nani aliniuliza?"

Jumatano mayai yaliingia kwenye joto mara tu yalipokusanywa. Alhamisi asubuhi yalikuwa mazima, mikia imepinda kidogo tu kwa ile dawa, ngozi ipo. Mkuu wa maabara aliichana karatasi aliyokuwa ameandikia amri ya kuua samaki, akasema ahsante haraka haraka.

Msichana alivuta kiti, akakisogeza mbele ya hadubini kubwa, ile ambayo Mama Samaki alikuwa akiifuta vumbi kwa miaka kumi na moja bila kuambiwa achungulie.

"Karibu ukae, Mama," akasema.