Mistari ya Mashine Usoni mwa Mume Wangu

Nianze na hasira, maana ndiyo niliyokuwa naamka nayo mwaka ule. Mume wangu alikuwa na mashine ya kumsaidia kupumua usingizini, na kila asubuhi aliwasha kioo chake na kutusomea kama mtangazaji wa taarifa ya habari: masaa saba! Halafu anakaa kunywa chai, na chapati haijaisha kidevu kimeshagusa kifua. Mtu amelala masaa saba, anasinziaje juu ya chapati? Nikimuuliza ananionyesha kioo. Mashine imesema, mimi nani?

Mume wangu ni seremala, na karakana yao ipo hapa hapa Ilala. Anafanya kazi kwenye msumeno wa umeme, ule wa meza, unasukuma ubao kwa mikono miwili huku meno yanazunguka mbele yako. Kabla ya mashine alikuwa anakoroma mpaka wapangaji wa chumba cha pili wanagonga ukuta, halafu ghafla pumzi inakatika, kimya, mpaka nimtikise. Hospitali walimlaza wakampima, wakasema inakatika zaidi ya mara arobaini kwa kila saa moja, ndiyo maana mchana hana macho. Wakampa mashine. Ina bomba na barakoa ya mpira ya kufunika pua, inapuliza hewa ili koo lisijifunge. Nikasema alhamdulillahi, yameisha.

Hayakuisha. Siku moja akarudi na shati lisilo na mkono mmoja. Alisinzia akiwa amesimama, ubao umeshaingia, msumeno ukamnyofoa kitambaa kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka begani. Ngozi haikuguswa. Yeye akasema Mungu mkubwa, akaomba maji ya kuoga. Mimi nilibaki nimeshika lile shati. Huyu mtu alikuwa na miezi na mashine yake.

Kesho yake sikufungua meza yangu ya mitumba pale Mchikichini, nikabeba mashine, nikaenda naye kliniki. Daktari akasoma masaa, akasema mzee anaendelea vizuri sana, labda apunguze mwili. Nikamwambia, samahani daktari, kwenye hicho kioo kuna vitu vitatu na kila siku mnasoma kimoja. Kuna masaa, kuna kisura kidogo cha kuchorwa, kuna namba. Hicho kisura mbona kimenuna toka mwezi wa kwanza?

Akaivuta mashine karibu. Akakaa nayo. Kumbe masaa yanaeleza tu mashine imewaka muda gani. Kisura kinaeleza kama barakoa imebana au hewa inavuja. Na ile namba ndiyo yenyewe, ndiyo inayoeleza pumzi bado inakatika mara ngapi kwa saa. Ilitakiwa iwe chini ya tano. Ya mume wangu ilikuwa ishirini na nane.

Sikupiga kelele, ila nilimwambia. Redio ikiwaka kutwa haimaanishi kuna mtu anaisikiliza. Mlikuwa mnampongeza kwa lipi? Daktari, nimpe haki yake, hakunijibu jeuri. Alimvalisha mume wangu barakoa pale pale, akamkaza mikanda, akatuonyesha inavyotakiwa kushika.

Tukarudi. Nikawa namkaza mwenyewe kila akipanda kitandani. Asubuhi kisura kimenuna vile vile. Nikajua kuna mtu ananichezea, na chumbani tuko wawili. Nilimbana mpaka akasema: mimi nikishapitiwa na usingizi, yeye analegeza mikanda. Kisa? Ikikazwa inamwachia mistari mashavuni, na mistari haifutiki mpaka jua la utosi.

Mistari! Nikamuuliza, wewe ni bibi harusi?

Ndipo akanieleza habari za mtani wake. Mume wangu ni Mzaramo, na pale karakana kuna fundi mwenzake Mnyamwezi. Siku ya kwanza mume wangu alipofika na mistari, yule bwana aliita karakana nzima, mpaka muuza chipsi akaacha kikaango, waje waone Mzaramo aliyefungwa hatamu na mkewe kama punda wa maji. Ikawa ndiyo salamu ya kila asubuhi. Na mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani umejiaibisha wewe na ukoo wako. Basi mume wangu akacheka na wenzake, akarudi nyumbani, akalegeza mikanda. Yaani mimi nikae eda kwa sababu watu wazima wanataniana!

Lakini mimi ni mtu wa Lindi. Utani wao haunihusu. Nilijifunga kanga kiunoni nikaenda karakana.

Yule mtani aliponiona tu akaanza, shemeji umemfuata punda wako. Watu wakacheka. Mume wangu akainama kutafuta msumari ambao haukuwepo. Nilingoja wanyamaze.

"Akifa, wewe ndiye utakayekuja kutania msibani," nikamwambia. "Utalala kaburini, utadai ulipwe ndiyo tumzike, na sisi tutacheka kwa sababu ndiyo mila. Basi jiandae. Kwa sababu anakufa, na anakufa kwa kuogopa mdomo wako."

Nikamweleza yote, kisura, namba, mkono wa shati. Hakuniomba radhi, watani hawaombani radhi. Alifuta mikono kwenye suruali, akaenda kwenye msumeno, akachomoa waya ukutani, akaukunja akautia kwapani.

"Kwa haki ya utani, msumeno huu nimeuteka," akasema. "Mzaramo asiye na mistari usoni haugusi."

Na mtani akichukua hanyang'anywi. Mume wangu akacheka, safari hii kicheko chenyewe, akasema sawa, umeniweza. Kuanzia siku ile alikuwa anakaguliwa mashavu mlangoni kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha, na mistari ikikosekana anapewa ufagio.

Kabla wiki haijaisha, niliwasha kioo mwenyewe. Kisura kinacheka. Namba ni tatu. Mume wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, macho meupe, ananiuliza mzigo mpya wa Mchikichini ulikuwaje, na anasubiri jibu. Muda mrefu sijaulizwa swali na mtu anayesubiri jibu. Nikaanza kulia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira tupu. Mimi ndiye niliyemtikisa. Mimi ndiye niliyelala na sikio wazi, nikihesabu pumzi za mtu mwingine, nikamsihi, nikamnyenyekea, na yeye amekuja kukaza mikanda kwa neno moja la mtani.

"Sasa unalia nini," akasema, "si nimepona?"

"Ndicho ninacholilia," nikamwambia. "Kumbe ulikuwa unaweza."