Fimbo ya Mzee Kondo

Jamani, najua wengi wenu mmeshaiona ile video, maana imezunguka mpaka shemeji yangu wa Tabora akanipigia kuuliza kama yule ni mimi au ni mtu tunayefanana, nami bila aibu nikamwambia ni mtu tunayefanana. Leo nakiri mbele yenu. Yule mwenye shati la bluu, aliyeanguka chali juu ya rundo la ndala za watu msibani huko Mzenga huku ameshika fimbo isiyo yake, ni mimi Maganga, mchekeshaji, baba wa watoto wawili. Sikusukumwa na mtu, nilijisukuma mwenyewe, na yote yalianza kwa sababu sikutaka kupiga simu.

Turudi nyuma kidogo. Kazi yangu ni mdomo. (Wenzangu walipewa mashamba, wengine vyeti, mimi nikapewa mdomo.) Nimesimama kwenye kumbi za Kibaha na Dar miaka kumi na kitu, nikiwachekesha watu kuhusu wake zao, wakwe zao na mabosi wao, mpaka asubuhi moja nyumbani kwangu Visiga, napiga mswaki, nikaona povu linatoka upande mmoja tu wa mdomo na linadondokea begani, nikadhani nimelalia shavu vibaya, nikataka kumwita mke wangu aje aone kichekesho, na jina lake likagoma kutoka. Kiharusi. Mkono wa kushoto ukalala, mguu wa kushoto ukalala, na mdomo, mdomo wenyewe ule wa kazi, ukapinda.

Niliporudi kutoka hospitali maneno yalikuwa yanakuja, ila yanakuja moja moja na kwa kujivuta. Ana kwa ana mtu anavumilia, lakini kwenye simu ni balaa. Watu walikuwa wanasema "mtandao mbaya" na kukata. Mteja mmoja wa zamani, aliyewahi kunichukua kuchekesha kwenye harusi ya mwanawe, aliniambia nimpigie pombe zikishanitoka kichwani, na ilikuwa saa tatu asubuhi. Tangu siku hiyo nikaacha kupiga simu. Nikawa mtu wa kutuma ujumbe tu.

Na nyumbani nako kukabadilika. Mke wangu, mama Deo, ni mwalimu wa shule ya msingi, na kabla sijaugua tulikuwa tunataniana kuanzia chai ya asubuhi mpaka majirani wanagonga ukuta. Baada ya ugonjwa akaacha kabisa. Ananifuta mdomo, ananikatia nyama vipande vidogo, ananiuliza kama nimemeza dawa, basi. Nyumba ikawa na adabu kama wodi. Nilikuwa natamani anitukane hata kidogo tu, nijue bado ni mume wake.

Kuna mwenzangu, Sele, tulianza naye kuchekesha zamani, siku hizi anaandaa shoo kwenye ukumbi mmoja pale Maili Moja. Alinitumia ujumbe mara tatu nirudi jukwaani, na mara zote tatu nikamjibu bado sijapona vizuri. Uongo. Nilikuwa naogopa watu watanipigia makofi ya huruma, na mchekeshaji akishapigiwa makofi ya huruma, bora akatafute kazi nyingine.

Mtu pekee aliyekuwa hanihurumii ni mzee Kondo. Tulikutana kwenye mazoezi ya viungo pale hospitali, wote tukiwa tumelazwa. Yeye ni Mzaramo wa Mzenga, Kisarawe, na mimi ni Mnyamwezi, na mnajua hawa watu wawili ni watani tangu enzi za mababu. Siku ya kwanza kabisa, nimekaa kwenye benchi nimejikunyata, akaniangalia weee, akasema, "Mnyamwezi, mdomo huo umepindishwa na ugonjwa, au ndivyo mnavyozaliwa huko kwenu?" Dada wa mazoezi akashtuka. Mimi nilitaka kumkumbatia yule mzee. Nikamjibu, neno moja moja, "Na wewe mzee... Mzaramo akipooza... watu wanajuaje?"

Yeye ulilala upande wa kulia, mimi wa kushoto, alikuwa anasema tukijumlishwa anapatikana mtu mmoja mzima na mabaki ya kulisha kuku. Na yeye pia alikuwa anaongea kwa kujivuta kama mimi. Siku tunaagana akanishika mkono akasema, "Nikitangulia mimi, uje uvuruge msiba wangu kama mtani anavyotakiwa. Ukitangulia wewe, nitakuja Visiga nilale mlangoni, jeneza lisitoke." Tukapeana mikono ile mizima.

Sasa, Alhamisi moja asubuhi, ujumbe ukaingia kutoka namba ya mzee Kondo: "Msiba umetufika hapa nyumbani Mzenga. Mazishi leo saa kumi alasiri." Moyo ukanipasuka. Nikajua ni mjukuu wake ameshika simu ya marehemu anawatangazia watu wote waliomo, maana ndivyo inavyokuwa.

Mama Deo akaniambia, "Piga uulize vizuri."

Hapo ndipo nilipoharibu. Sikupiga. Nikaona nitaanza kukokota maneno kwa wafiwa, waseme mtandao mbaya, wakate. Nikaandika: "Poleni sana wafiwa. Mtani nakuja." Jibu likarudi haraka: "Tunakusubiri."

Mama Deo akaomba ruhusa shuleni, tukachukua bodaboda mbili kutoka Mlandizi, tukapita Soga, tukavuka reli mpya, vumbi limetugeuza wote rangi moja, na njia nzima mimi nafanya mazoezi ya utani ndani ya helmeti. Nilikuwa nimejiwekea sharti. Nilijiambia, Maganga, huyu ndiye mtu pekee aliyekucheka ulipoanguka, na ulimwahidi. Ukishindwa kuwachekesha watu kwenye msiba wake, basi mwambie Sele asikuulize tena, kazi imekwisha.

Tukafika. Turubai limefungwa, wanaume wamekaa kwenye majamvi, viatu na ndala vimerundikwa karibu na mlango. Mama Deo akazunguka nyuma kwa akina mama. Mimi nikapita nikishika mikono, "Poleni," "Tumeshapoa," "Poleni," "Tumeshapoa," na sikumuuliza mtu chochote, kwa sababu kuuliza kunahitaji sentensi ndefu.

Kisha nikaiona fimbo. Imeegemezwa ukutani karibu na mlango, ile ile, yenye kipande cha kandambili alichokigongomea mwenyewe chini isiteleze kwenye sakafu ya hospitali. Fimbo ipo, mwenyewe hayupo. Mzee Kondo bila fimbo ile hakuwa anakwenda hata chooni. Nikalia kimyakimya.

Ilipokaribia saa kumi, shehe akasema jeneza litolewe. Nikainuka, nikachukua fimbo, nikaikingamisha mlangoni.

"Maiti... haitoki!"

Watu wakageuka. Mzee mmoja wa mbele akauliza, "Wewe nani?"

"Mnyamwezi."

"Ahaa, mtani! Haya, sema Mnyamwezi, shida yako nini?"

Nikaanza. Nikatembea kama mzee Kondo, nikiburuta mguu wa kulia (na kwa kuwa wangu mbovu ni wa kushoto, nikawa naburuta yote miwili, sijui nilikuwa nasimama kwa kutumia nini). Nikasema kwa ulimi wangu huu mzito, "Dada wa mazoezi... nishike... mkono huu... bado... bado haujapona." Nikajifanya namchungulia dada wa mazoezi kwa jicho moja, vile mzee alivyokuwa akifanya, anajifanya amesinzia ili mkono wake usiachwe.

Mtu mmoja akaropoka, "Kondo huyo! Kondo mtupu!"

Jamvi zima likaangua kicheko. Nyie, mnakijua kicheko kinachoanzia tumboni? Sikuwa nimekisikia miezi minane. Na walichokuwa wanakicheka ni ule mdomo wangu uliopinda, ule niliokuwa naufunika na leso kila nikitoka nje, maana walidhani namwigiza mzee. Nilikuwa siigizi. Nilikuwa naongea hivyo hivyo ninavyoongea siku zote, na watu wanafuta machozi.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini baadhi ya wale wazee walikuwa wakicheka huku wanauangalia mlango. Angejiuliza pia kwa nini mke wake amesimama kwenye kona ya nyumba anatikisa kichwa na kupunga mikono yote miwili. Mimi nilijiambia, mama Deo ameguswa.

Nikaongeza moto. Nikatoa siri ya wodini. "Huyu mzee... daktari alimkataza chumvi... akawa nayo kwenye kopo la mafuta ya kujipaka! Chakula kikija... anajifanya anajipaka mikono!"

Kutoka ndani ikasikika sauti ya mwanamke, kali: "Chumvi gani?"

Alikuwa Bi. Chausiku, mke wa mzee Kondo. Hapo nilipaswa kujiuliza ni mjane gani huyu mwenye hasira za jikoni namna hii, lakini nilikuwa nimeshanogewa, nikamjibu kabisa, "Ile ya kwenye kopo la bluu, mama... alisema nyumbani analificha nyuma ya redio!"

Watu wakalala chini kwa kucheka. Na mimi, katikati ya kile kicheko, uchungu ukanishika. Nikaacha kuigiza. Nikasema, "Mzee wangu... tangu niugue kila mtu alinionea huruma. Wewe tu... ndiye uliyenicheka. Sasa umeniacha... na nani?" Machozi yakanitoka ya kweli.

Nyuma yangu, mlangoni, sauti nzito yenye kujivuta kama yangu ikasema, "Nimekuacha... wapi, Mnyamwezi? Na ile chumvi... si ilikuwa siri yetu?"

Nikageuka. Mzee Kondo, kanzu nyeupe, amesimama kwa miguu yake miwili, hana fimbo.

Mguu wangu wa kushoto haupendi haraka. Mwili ulirudi nyuma, mguu ukabaki, nikaenda chali juu ya zile ndala, na hapo ndipo kijana mmoja asiyenitakia mema alipokuwa ameshawasha simu yake. Nikiwa pale chini nikauliza, "Sasa... nani amekufa?"

"Dada yangu mkubwa, Bi. Tatu. Si nilikutumia ujumbe mwenyewe?"

Kumbe mzee alikuwa amejilaza chumba cha ndani tangu adhuhuri kwa sababu presha ilipanda, na kicheko ndicho kilichomwamsha. Na kumbe fimbo anaiacha ukutani siku hizi, ndani ya nyumba anatembea bila kushika kitu. Nilifurahi na kuona aibu kwa wakati mmoja, sikujua nianze na lipi. Nikamwomba radhi shehe, nikawaomba radhi wafiwa, nikamuuliza yule mzee wa mbele kwa nini hawakunizuia. Akajibu, "Tulitaka, mwanangu, lakini ulikuwa unanoga."

Nikatafuta viatu vyangu niondoke. Mzee Kondo akanizuia.

"Mimi umeshanizika bure. Sasa mfanyie dada yangu utani wake. Huyo alipenda kucheka kuliko mimi."

"Simjui, mzee."

"Utaambiwa."

Wakatoka akina mama, huyu ananiambia hili, yule lile: Bi. Tatu alikuwa anaita kuku wake kwa majina jioni na asiyeitika anamnunia, na bodaboda akipanda anakaa upande upande huku ameshika ndala mkononi, dereva akiongeza mwendo anamchapa nayo kwenye helmeti. Basi nikaokota ndala moja kwenye lile rundo (wala sijui ilikuwa ya nani), nikamkalisha yule mzee wa mbele awe dereva, nikapanda. Binti wa marehemu alicheka mpaka akaegemea nguzo, anafuta macho kwa khanga, anasema, "Ndiye huyo. Ndiye mama kabisa." Tukamsindikiza Bi. Tatu, tukamzika vizuri.

Wakati wa kurudi, bodaboda ya mama Deo ilikuwa nyuma yangu, na tulipofika Soga nikasikia anamwambia dereva wake asimame. Nikadhani anaumwa. Nikamkuta ameshuka, amejishika mbavu, anacheka hata kupumua hawezi.

"Baba Deo," akasema, "nimepunga mikono mpaka bega linauma! Mdomo umepinda sawa, na akili nayo ilipindia wapi?"

Miezi minane sikuwa nimetaniwa na mke wangu. Nilisimama pale kandokando ya barabara na vumbi langu usoni, nikawa na furaha, nikacheka naye.

Kesho yake nikampigia Sele. Nilipiga, sikutuma ujumbe. Akasema, "Halo? Halo? Mtandao mbaya." Nikamwambia, "Si mtandao, ni mdomo. Niweke Jumamosi." Nikasimama pale Maili Moja nikawasimulia mkasa huu huu, kwa mwendo wangu huu huu, na hakuna aliyenipigia makofi ya huruma, walikuwa hawana nafasi kwa kucheka. Mzee Kondo alikaa mstari wa mbele, Bi. Chausiku pembeni yake anamkagua mifuko ya kanzu.

Kwa hiyo nimejifunza, na nimeapa. Ukiingia ujumbe wa msiba kwenye simu yangu, napiga hapo hapo na kuuliza nani amefariki, hata kama sentensi itanichukua robo saa na waniite mlevi. Siendi tena kulia bila kujua namlilia nani.

Juzi mzee Kondo alinipigia mwenyewe. Akasema, "Mnyamwezi, siku yangu ikifika kweli... usirudie ile ya chumvi. Watu wote wameshaisikia. Kaandike mpya."

Nikamwambia, "Basi usife... mpaka niimalize."

Akasema, "Haya. Andika taratibu."

Naandika taratibu.