Vidonge vya Papa Vilivyozunguka Nyalukemba

Papa, baba yangu, alirudi kutoka Ubelgiji na kovu kifuani na chupa ya vidonge vya kushusha presha, ile tunayoita tension. Daktari aliyempasua moyo alikuwa ameagiza ameze kimoja kila asubuhi, bila kuruka siku, mpaka kifurushi kingine kije. Kwa ndege za Zaïre za wakati ule, kifurushi kilikuwa jambo la kuombea.

Lakini kwetu Nyalukemba, anayetoka Ulaya hamwachi mgeni aende mikono mitupu. Papa alitoka huko kwa machela. Hakununua hata sabuni. Basi wageni walipokuja kutazama kovu, aliona haya akafungua chupa. "Papa, na mimi niko na tension," mgeni alisema akishika kisogo, akapewa. Mwalimu alipata. Jirani alipata. Shangazi yangu wa Nyangezi, ambaye sijawahi kumwona akikohoa, alipata vitatu.

Asubuhi moja muuguzi alikuja kupima presha. Alipima mara mbili, kisha akauliza papa anameza nini. Papa akatazama dari. Chupa ilikuwa tupu tangu juma lililopita.

"Moyo ulishonwa juzi tu," muuguzi aliniambia mlangoni. "Na hii tension, utapasuka."

Niliogopa sana, na mimi nikiogopa hukasirika. Nilipita nyumba kwa nyumba nikijua nitaambiwa vimeshamezwa. Hakuna aliyekuwa amemeza. Dawa ya Ulaya haimezwi ovyo. Inangojea ugonjwa wa maana. Mwalimu alikitoa chake ndani ya Biblia. Jirani alikifungua kwenye pindo la kitenge. Nilirudi na chupa karibu kujaa.

Habari zilipomfikia shangazi, alipanda lori na vitatu vyake ndani ya leso, na kuku wa kumletea mgonjwa kwapani.

"Nilikuwa naviweka ya siku nitagonjwa sana," alimwambia papa. "Kumbe weye njo uko mugonjwa."

Papa alimeza kimoja mbele yetu, nami nikapumua. Kisha akamtazama dada yake, vumbi la barabara limemjaa mpaka kwenye nyusi, akaona haya tena. Akapeleka mkono kwenye leso.

"Dada, hauwezi kurudi bure. Kamata hata kimoja."

Niliinyakua leso nikaifunga kiunoni mwangu. Shangazi alirudi Nyangezi na zawadi yake ya Ulaya: kuku yuleyule.