Damu ya Upande wa Baba

Naikumbuka siku ile, mwanangu, tulipoketi na madaktari wanne kwa ajili ya Deo, mtoto wa mdogo wangu wa kike. Kaa vizuri unisikilize, maana kesho na wewe unampeleka mwanao hospitali, na mimi haya sitaki kuyaona mara ya pili.

Deo alitokwa damu puani tangu utotoni. Huku Mgeta tukasema ni jua la shambani, ni kubeba matenga ya karoti. Alipokua akawa anahema akipanda mlima, midomo inabadilika rangi. Kila daktari akatibu kipande chake, huyu pua, yule kifua. Mpaka hospitali moja kubwa Dar es Salaam wakaona kidole kimoja hakivunji chawa, wakaketi pamoja: wa pua, wa mapafu, wa mishipa ya damu, na mama mmoja wa magonjwa ya kurithi. Picha ilishaonyesha mshipa uliovimba na kujisokota ndani ya pafu.

Yule mama akauliza, "Katika familia yuko mwingine anayetokwa damu hivi? Au aliyeanguka ghafla akafariki? Kama yupo, kichwa tukipige picha leo hii, maana mishipa ya namna hii hujificha hata kwenye ubongo."

Sasa Waluguru unatujua. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Kaka yangu Pius, Mungu amrehemu, akajiweka sawa kitini, akawapitia watu wetu mpaka bibi wa bibi. "Hakuna," akasema.

Baba yake Deo, shemeji yetu Anselmi, alikuwa kakaa karibu na mlango. Akakohoa kidogo. "Samahani, kwa upande wetu sisi..."

"Shemeji, ngoja kwanza," kaka akamkata. "Ya ukoo tuachie wenye ukoo."

Akanyamaza. Mpole yule, na mbele ya mashemeji alishazoea kunyamaza. Madaktari wameinamia picha, hawakusikia. Sisi tulisikia, tukaona ndiyo adabu.

Kichwa hawakukipiga picha, tukapangiwa tu siku ya kurudi, mshipa wa pafu uzibwe. Haikufika. Deo alianguka bustanini kashika kichwa, mama yake anamwita, haitiki. Kijana hata kuoa hajaoa! Mpaka leo nikisikia vijana wanacheka njiani, moyo unaniuma.

Tukiwa bado matangani yule mama daktari akapiga simu kutoa pole, akaomba kuongea na baba mtu. Simu ikawekwa sauti kubwa. Ndipo Anselmi akasema yote: mama yake alilala na kitambaa puani miaka yote, na kaka yake alianguka hivyo hivyo akafa.

"Baba, mbona niliuliza?" daktari akasema, taratibu kabisa.

"Mama, sikuwa na ruhusa ya kumsemea mwanangu."

Jamani! Kaka alijifunika uso kwa kofia yake, na mdogo wangu akaanza kulia upya.

Wakamwita Vero, dada yake Deo. Wakapima pafu, wakapima na kichwa. Naye alikuwa na mshipa kama ule kwenye pafu. Wakauziba kwa mrija mwembamba waliopitishia pajani, na leo yu hai, anauza kabichi zake sokoni.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu sisi kifo hakikumuumbua aliyeficha, kilimchukua mtoto. Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kesho wewe ndiye utakayekuwa shemeji wa mlangoni. Madaktari wanaweza kuketi hata kumi, lakini watashona kwa kitambaa mtakachowapa ninyi. Sema ya kwetu, hata yale ya aibu. Na mkeo aseme ya kwao. Mashemeji wakikwambia ngoja, usingoje. Wakikuita huna adabu, waambie mama yako mkubwa ndiye aliyekutuma, waje wanigombeze mimi.

Nenda, Mungu akutangulie. Awape madaktari macho, akupe wewe kinywa. Na mtoto huyo akuzike wewe, mwanangu, usimzike wewe yeye.