Kokwa Moja Chungu katika Supu ya Arobaini

Siku niliyoshuka basi Johannesburg, mwanangu, naikumbuka kwa miguu zaidi ya kichwa. Ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Tanga, Tunduma, Lusaka, Harare, siku tisa za vumbi na foleni za mipakani. Begi liliibiwa njiani. Kiburi kilifika salama. Laiti mwizi angechukua hicho.

Nakwambia haya nikiwa na hasira, na sitaificha. Jana nilipokwambia uonje kwanza, ulinijibu jikoni, "Eish, mzee, supu ni supu." Maneno kama hayo nilishayasema mimi. Kaa usikie yalinifikisha wapi.

Kazi niliipata Turffontein, kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Kiindonesia. Tulimwita Ibu, ndivyo wanavyomwita mama kwao. Alipika supu za ng'ombe: ya mkia, ya manjano yenye mchaichai, na moja nyeusi tii iitwayo rawon. Weusi wake hutoka kwenye kokwa za keluak. Zikiwa mbichi ni sumu. Kwao huzichemsha, wakazifukia majivuni siku arobaini, ndipo zilike. Hata hapo, kila kokwa uipasue, uonje kiini chake kwa ncha ya ulimi. Ikiwa chungu, tupa, kwani samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Mimi, mtoto wa muuza supu, niliyekua nikilamba mwiko wa baba, niliona hizo ni mbwembwe za kizee.

Mumewe Ibu akafariki. Dada yake Ibu akatuma keluak kutoka Java, mfuko mmoja tu, kwa ajili ya supu ya arobaini, maana marehemu aliipenda rawon kuliko chakula chochote. Asubuhi ya hitma Ibu akanikabidhi mfuko. "Onja moja moja," akasema, akaenda kutandika mikeka.

Nikazipasua zote, nikakomba viini bakulini, ulimi umetulia kinywani. Mama Furaha, Mkongomani aliyeosha vyombo, akacheka. "Weye Mtanga, mi naona mukono tu, ulimi sioni!"

"Osha sufuria zako, mama."

Ibu akachungulia mlangoni. "Umeonja?"

"Zote, Ibu."

Nikasaga, nikamimina. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na urefu wa mwiko. Ibu alipoonja mchuzi, uso ulimkunjamana. Uchungu ule haukusikia sukari wala ndimu. Nyama iliyochemka tangu alfajiri ikamwagwa, na watu waliokuja kumwombea mumewe wakala wali na mayai.

Walipoondoka, alinigeukia. "Ungesema hukuonja, ningekaa nikaonja mwenyewe. Muda nilikuwa nao. Kwa ajili ya kokwa nisingekugombeza! Lakini nilikuuliza, ukanitazama machoni."

Hapo, mwanangu, palihitaji neno moja tu, radhi. Mimi nikasema, "Supu yenyewe nyeusi kama lami, nani angejua?"

Nikavua aproni, nikaitupa juu ya meza, nikatoka. Wahenga walisema mchama ago hanyele, huenda akauya papo. Mimi nilinyea, tena mchana kweupe.

Nilikuwa nimefika kwenye robot ya kona, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huko, Mama Furaha aliponifikia akihema, kashika sahani iliyofunikwa. "Ibu anasema usitoke na njaa."

Wali na yai. Nikaiacha juu ya ukuta wa watu, nikapanda teksi ya Randburg. Sikurudi. Nimehama majiko mengi tangu hapo, na kila nikisikia harufu ya mchaichai najichukia upya.

Basi usiniambie supu ni supu. Supu ya mtu ni mumewe, ni dada yake aliyefukia kokwa majivuni. Ukiambiwa onja, onja. Kama hukuonja, sema hukuonja, hata kama uso utakuwaka. Na ukikosa, omba radhi kabla hujavua aproni.

Mungu akupe ulimi usioogopa uchungu, mwanangu, wa kokwa wala wa kweli. Na siku utakapoletewa sahani na mtu uliyemkosea, akupe miguu ya kurudi nayo ndani, ukae, uile mbele yake.